Muvi inacheza, sauti hamna: usiishushe upya

Picha ni safi, maandishi ya chini yanapita, midomo inacheza, ila sauti hamna. Wengi wakifika hapo hufuta faili na kulishusha tena. Bando la GB 2 linakwenda, na faili jipya nalo linakaa kimya vilevile, maana ni lilelile. Sauti imo ndani. Tatizo ni kwamba kifaa chako hakijui kuifungua.

"Mwanangu, ile season uliyoniwekea haitoi sauti."

"Mama, mbona hapa inatoa? Sikiliza."

Mabishano ya aina hii yapo kwenye vibanda vya kujaza muvi kuanzia Mbagala hadi Tegeta, na kwa kawaida wote wawili wanasema kweli. Kompyuta ya kibandani inachezesha kwa VLC, programu ya kuchezesha video inayobeba kodeki (vifunguzi vya picha na sauti) zake yenyewe. TV ya nyumbani inategemea kodeki ambazo kiwanda kilikubali kuzilipia. Kabla ya kuita fundi, weka wimbo wa MP3 kwenye flashi hiyohiyo na uucheze kwenye TV hiyohiyo. Ukisikika, spika ni nzima na hela ya fundi ibaki mfukoni.

MKV, MP4 na AVI ni majina ya makasha tu. Ndani ya kasha mna picha iliyofungwa kwa njia yake na sauti iliyofungwa kwa njia yake, na mara nyingi maandishi pia. Hiyo njia ya kufunga ndiyo kodeki. Kwa hiyo muuzaji akikuhakikishia kwamba TV "inasoma MKV", kuhusu sauti hajakujibu kitu. Inaweza kufungua kasha, ikaitambua picha ya kodeki ya H.264, halafu ikakwama kwenye sauti ya kodeki ya DTS. Na ile dawa inayosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, ya kubadilisha jina la faili kutoka .mkv kuwa .mp4, haigusi chochote kilichomo ndani.

Sehemu kubwa ya jibu imeandikwa kwenye jina la faili, kabla hata hujatumia bando. AAC2.0 maana yake ni sauti ya AAC ya chaneli mbili. Hiyo inasikika karibu kila mahali. DD5.1 au AC3 ni Dolby Digital; hiyo 5.1 maana yake ni chaneli sita. DDP5.1 ni Dolby Digital Plus, ambayo programu huiandika E-AC-3. Imejaa kwenye mafaili yaliyotoka kwenye huduma za kutazama mtandaoni, ndiyo maana season mpya nyingi zinakuja nayo. DTS, DTS-HD na TrueHD zinatoka zaidi kwenye diski za Blu-ray. Opus hupendwa na wanaobana muvi ziwe ndogo sana. Ni kodeki nzuri, kbps (kilobiti kwa sekunde) 96 tu inasikika vizuri, lakini TV nyingi haziitambui ikiwa ndani ya MKV.

Piga hesabu pia ya ukubwa. Saa 2 za DTS ya kbps 1509 ni takriban GB 1.36, sauti peke yake. Muda huohuo kwa AC3 ya kbps 640 ni MB 576, na kwa AAC ya kbps 192 ni MB 173. Anayetazama kwa spika mbili za TV na akashusha faili la DTS amelipia bando la chaneli ambazo hana spika za kuzitoa. Kama una uchaguzi, na nyumbani huna hometheater ya kweli ya spika sita, chukua AAC2.0.

Kwa nini kifaa kipya kishindwe? Sababu kubwa ni leseni. Hataza (haki za uvumbuzi) za AC3 ya awali ziliisha muda wake mwaka 2017, lakini E-AC-3 na DTS zimeendelea kuwa za kulipiwa, na kila kiwanda huamua kama gharama hiyo inalipa. Samsung waliacha DTS kuanzia TV zao za mwaka 2018. LG waliiacha mwaka 2020, wakairudisha kwenye baadhi ya modeli za 2023. Ndiyo maana TV ya mwaka 2015 inaweza kutoa sauti kwenye faili ambalo TV mpya ya bei kubwa inalinyamazia, na mwenye TV mpya anabaki kudhani ameuziwa feki. Hata Windows imeingia kwenye mkumbo huu: Windows 11 toleo la 24H2 ikiwekwa upya haiji tena na kodeki ya AC3.

Kwenye simu mambo ni mepesi. Android inalazimika kusoma AAC, MP3, Vorbis, FLAC na Opus. AC3, E-AC-3 na DTS ni hiari ya mtengenezaji. MX Player, programu ya kuchezesha video kwenye simu, iliziondoa kwa sababu hizohizo za leseni, kwa hiyo inakuletea ujumbe kwamba sauti ya EAC3 haikubaliki, huku picha ikiendelea. Watu huhangaika kutafuta faili la kodeki la kuiongezea. Inawezekana: ingia Settings, kisha Decoder, shuka hadi Custom codec, na hapo programu itakuandikia aina inayotakiwa kulingana na prosesa ya simu, kwa mfano ARMv8 NEON. Lakini kodeki hiyo ni lazima ilingane na toleo la programu, kwa hiyo MX Player ikijisasisha usiku, asubuhi sauti imepotea tena na unaanza upya. Kwa maoni yangu ni kazi ya bure. Weka VLC, maliza. Ni ya bure, haina matangazo, na haisubiri simu iwe na kodeki.

Ukitaka kuwa na uhakika wa kilichomo, usikisie. Kwenye kompyuta, fungua faili kwa VLC na ubonyeze Ctrl+J. Utaona kila njia ya sauti na kodeki yake, idadi ya chaneli na lugha. Programu ya MediaInfo inatoa maelezo zaidi, pamoja na kbps. Angalia hasa kama kuna njia zaidi ya moja. Faili lenye Kihindi na Kiingereza huenda lina njia ya kwanza ya DTS na ya pili ya AAC, na TV inakaa kimya kwa sababu imeng'ang'ania ya kwanza. Hapo dawa ni kitufe cha lugha ya sauti kwenye rimoti, au B kwenye VLC ya kompyuta.

Kubadilisha sauti bila kugusa picha

Hapa ndipo watu wanapopoteza usiku mzima bila sababu. Programu nyingi za kubadilisha video hufungua kila kitu na kukibana upya, picha ikiwemo. Muvi ya saa 2 inachukua saa nyingi, laptopu inaunguruma, umeme wa Luku unashuka, na picha inatoka imefifia. Kinachotakiwa ni sauti peke yake ibadilishwe, picha inakiliwe ilivyo. Kifaa cha kazi hiyo ni ffmpeg. Haina vitufe, unaandika amri, lakini amri yenyewe ni mstari mmoja.

Kwenye Windows fungua Command Prompt na uandike winget install Gyan.FFmpeg, kisha funga dirisha na ufungue jingine, la sivyo itakwambia amri haijulikani. Ubuntu ni sudo apt install ffmpeg. Asiye na kompyuta asijitoe: weka Termux, programu ya kuandikia amri, kwenye simu ya Android, uichukue duka la programu la F-Droid, kisha andika moja baada ya nyingine:

pkg install ffmpeg
termux-setup-storage
cd ~/storage/downloads

Baada ya hapo, popote ulipo, amri ni hii:

ffmpeg -i "muvi.mkv" -map 0 -c copy -c:a aac -b:a 192k -ac 2 "muvi-aac.mkv"

Kila kipande kina kazi yake. -map 0 inachukua kila kitu kilichomo. Ukiiacha, ffmpeg itachagua njia moja ya sauti na moja ya maandishi, nyingine zinapotea. -c copy inasema kila kitu kinakiliwe ilivyo, halafu -c:a aac inatengua kauli hiyo kwa sauti tu. -b:a 192k ni kiwango, na -ac 2 inazikusanya chaneli sita kuwa mbili. Alama za nukuu usiziache, maana majina ya muvi yamejaa nafasi.

Ikianza kazi, tazama neno speed chini ya dirisha. Ikisoma 40x, muvi ya saa 2 itaisha kwa dakika 3. Ikisoma 1x au pungufu kwenye kompyuta ya kawaida, simamisha kwa Ctrl+C: karibu hakika umesahau -c copy na picha inabanwa upya. Hakikisha pia nafasi inatosha kubeba faili la pili lenye ukubwa unaokaribia lile la kwanza, na jina la kutokea lisifanane na la kuingilia. Ukiona onyo linalosema "non monotonically increasing dts", usidhani ni DTS ya sauti imekataa kutoka. Dts hiyo ni muhuri wa muda ndani ya faili, na mara nyingi muvi inatoka salama.

Mwenye hometheater inayosoma Dolby asitumie AAC ya chaneli mbili, atakuwa ameua spika zake nne. Badala ya -c:a aac -b:a 192k -ac 2 aandike -c:a ac3 -b:a 640k -ac 6. AC3 haibebi zaidi ya chaneli sita, kwa hiyo hiyo -ac 6 inasaidia pale faili la asili lilipokuwa na nane.

King'amuzi chenye tundu la USB na deki za zamani huwa na masharti zaidi. Nyingi hazipendi MKV. Zitengenezee MP4:

ffmpeg -i "muvi.mkv" -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -ac 2 "muvi.mp4"

Maandishi yameachwa makusudi, kwa sababu yale ya aina ya picha kutoka Blu-ray hayaingii kwenye MP4 na amri ingekufa njiani. Ukitaka njia ya pili ya sauti, 0:a:0 iwe 0:a:1. Hesabu inaanzia sifuri. Na kama picha yenyewe ni ya kodeki mpya zaidi ya H.265 na king'amuzi ni cha zamani, utapata sauti bila picha. Huo ni ugonjwa mwingine, na dawa yake ndiyo ile ya kubana upya inayokula muda.

Season nzima haina haja ya kuandikwa faili kwa faili. Tengeneza folda iitwayo mpya ndani ya folda ya season, kisha kwenye Command Prompt:

for %f in (*.mkv) do ffmpeg -i "%f" -map 0 -c copy -c:a aac -b:a 192k -ac 2 "mpya\%f"

Kwenye Termux au Ubuntu:

for f in *.mkv; do ffmpeg -i "$f" -map 0 -c copy -c:a aac -b:a 192k -ac 2 "mpya/$f"; done

Muziki unapasua, maneno hayasikiki

Hii inasumbua kuliko ukimya wenyewe. Risasi zinaamsha jirani, wahusika wakiongea unaongeza sauti, risasi zikirudi unakimbilia rimoti. Kwenye sauti ya 5.1 maneno hukaa karibu yote kwenye chaneli ya katikati. Kifaa kikichukua kushoto na kulia tu bila kuchanganya ya katikati, unabaki na muziki na mwangwi wa maneno. Kikichanganya kwa hesabu ya kawaida, maneno yanakuwepo lakini yamezidiwa, na ukiwa na sabufa iliyofunguliwa besi hadi mwisho ndiyo kabisa. Punguza besi kwanza, ni bure.

Kama haitoshi, iambie ffmpeg uwiano unaoutaka. Weka hii mahali pa -ac 2:

-af "pan=stereo|FL<FC+0.5*FL+0.4*SL|FR<FC+0.5*FR+0.4*SR"

FC ni ya katikati, nayo inaingia nzima. Za mbele zinapewa nusu, za pembeni pungufu kidogo. Ile alama ya < inashusha jumla ili sauti isipasuke; ukiandika = mahali pake, kwenye milipuko utasikia mkwaruzo. Kabla ya kuitumia endesha ffprobe "muvi.mkv" na usome mstari wa sauti. Ukiona 5.1(side), amri iko sawa. Ukiona 5.1 tupu, za nyuma zinaitwa BL na BR, kwa hiyo badilisha SL na SR, la sivyo sauti za nyuma zitaachwa nje.

Kuna aina nyingine ya sauti mbaya: imefubaa, kama inatokea chini ya godoro, ila hakuna kinachokosekana. Angalia kama MediaInfo inaandika HE-AAC. Kifaa cha zamani husoma sehemu ya chini tu ya kodeki hiyo na kutupa sauti za juu zote. Amri ileile ya kwanza inaitibu, kwa sababu AAC inayotengenezwa na ffmpeg ni ile ya kawaida.

Nyaya na vikasha

Wakati mwingine faili halina kosa na TV haina kosa, ila kati yake na sabufa kuna kitu. TV nyingi mpya hazina tundu la hedifoni, kwa hiyo watu hununua kile kikasha kidogo kinachogeuza waya wa optiko kuwa nyekundu na nyeupe, Kariakoo vimejaa. Vile vya bei ndogo vinaelewa PCM (sauti isiyobanwa) ya chaneli mbili pekee. TV ikipeleka Dolby unapata ukimya au mkwaruzo wa kelele, huku chaneli za kawaida zikisikika vizuri. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, sehemu ya Digital Output, uweke PCM. Anayetumia laptopu kwa HDMI aangalie kwenye VLC: Tools, Preferences, Audio, na mstari wa HDMI/SPDIF audio passthrough uwe Disabled, ili VLC ifungue sauti yenyewe badala ya kuirushia TV isiyoijua.

Sauti ikipishana na midomo

Kwanza jaribu faili jingine kwa spika hiyohiyo. Zote zikichelewa, ni spika ya bluetooth, usihangaike na mafaili. Ikiwa ni faili moja, pima mara mbili: dakika ya 5 na dakika ya 95. Pengo likiwa sawa, ni la kusogeza. VLC ya kompyuta hufanya hivyo kwa J na K, milisekunde 50 kila ukibonyeza. Ukishajua kiasi, ligandishe kwenye faili. Hapa sauti inacheleweshwa kwa sekunde 0.4, na namba hasi inaiwahisha:

ffmpeg -i "muvi.mkv" -itsoffset 0.4 -i "muvi.mkv" -map 0:v -map 1:a -c copy "sawa.mkv"

Pengo likikua kadiri muvi inavyoendelea, kusogeza hakusaidii. Mwendo wa sauti na wa picha haulingani. Sauti ikizidi kuchelewa kwa takriban sekunde 3.6 kila saa, ni fremu (picha) 24 kwa sekunde dhidi ya 23.976; badilisha sauti kuwa AAC na uongeze -af atempo=1.001. Sauti ikikimbia mbele kwa zaidi ya dakika 2 kila saa, imetolewa kwenye toleo la fremu 25 kwa sekunde, na namba yake ni atempo=0.959. Hali hii hutokea sana mtu anapochukua sauti ya lugha moja kutoka toleo moja na kuibandika kwenye picha ya toleo jingine. Muvi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili mara chache zina shida hii, kwa kuwa mtafsiri anaongea juu ya sauti ya asili na zote zinarekodiwa pamoja. Ndiyo maana pia hakuna amri ya kumtoa mtafsiri ukabaki na sauti ya asili.

Pale ambapo sauti kweli haimo

Ukishusha video kwa programu ya yt-dlp bila ffmpeg kwenye kompyuta, unabaki na mafaili mawili, moja linaishia .f137.mp4 na jingine .f140.m4a. La kwanza ni picha tupu. Yaunganishe:

ffmpeg -i "video.f137.mp4" -i "video.f140.m4a" -c copy "kamili.mp4"

Faili lililokatika njiani nalo linajulikana. MP4 inatoa kosa la "moov atom not found", na hapo hakuna ujanja, endelea kulishusha pale lilipoishia kama programu yako inaruhusu. Kwa faili linalokwaruza au kukatakata sauti, iache ffmpeg ilisikilize lote bila kuandika chochote:

ffmpeg -v error -i "muvi.mkv" -map 0:a -f null -

Ikimaliza kimya, faili ni zima na tatizo ni flashi au kifaa. Ikitapika mistari ya makosa, limeharibika. Likiwa zima kwenye kompyuta lakini kwenye flashi linakatika, shuku flashi: zipo zinazojitangaza GB 64 na ndani hazifiki hata robo, zinapokea mafaili yote na kupoteza yaliyozidi. Programu ya H2testw kwenye Windows itakuonyesha ukweli. Inachukua muda, na flashi iwe tupu. Faili linalozidi GB 4 na likakataa kunakiliwa ni suala la FAT32 (mpangilio wa flashi usiobeba faili kubwa hivyo), tumia mpangilio wa exFAT kama TV inaukubali.

Mwisho ni wale wanaokuuzia dawa. Video inayofunguka na kukuandikia kwamba ili uisikie ushushe kodeki fulani au pleya maalumu ni mtego, ifute. VLC ikishindwa kuifungua, kodeki ya kwenye tovuti ya ajabu haitaiweza. Na muvi haina .exe mwishoni. Windows huficha herufi hizo, kwa hiyo faili linaloonekana muvi.mkv huenda ni muvi.mkv.exe. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, bonyeza View, kisha Show, na uweke alama kwenye File name extensions kabla hujachomeka flashi ya mtu.